Shajara ya boti ya chuma ya vizimba: mwalo wa Igombe, Mwanza, Juni 2024 hadi Mei 2025

14 Juni 2024: Kazi yenyewe

Kikundi cha wafugaji wa sato kimekuja karakanani na mtumbwi wao wa mbao ukiwa juu ya kirikuu, umepasuka ubavuni. Ni wa tatu ndani ya miaka minne. Wanataka chombo cha chuma, bapa kama meza, cha kubeba tani 4 za chakula cha samaki hadi kwenye vizimba (nyavu za kufugia samaki ziwani), kiwe na winchi ndogo ya kunyanyulia nyavu, na kisilie njaa ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, kila mwisho wa mwezi. Injini watanunua wenyewe. Tumekubaliana shilingi 21,500,000. Urefu mita 9, upana mita 3, kina cha ubavu sentimita 90, sitaha, yaani sakafu ya juu, imefunikwa yote.

Naandika shajara hii kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeandika habari za kazi ya namna hii kwa lugha yangu, sikumpata. Atakayefuata asilipe ada niliyolipa mimi.

Kuna jambo jingine linaloniwasha. Meli za maziwa yetu zimezoea kuja kwa vipande. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushuliwa 1915. MV Victoria ilitoka Glasgow ikaunganishwa Kisumu, ikaanza safari 1961. Mpaka juzi tumeona MV Mwanza, mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, ikijengwa pale Mwanza Kusini na Wakorea wakiwa na vijana wetu, ikashushwa majini Februari 2023. Nilisimama kwenye umati siku zile nikashangilia kama wengine. Lakini nilirudi nyumbani na swali dogo: mimi na vijana watatu, bila Mkorea, bila sanduku kutoka ng'ambo, tunaweza kujenga nini? Jibu la kwanza ni hili, mita 9.

6 Julai 2024: Michoro

Wiki tatu kwenye karatasi. Nilijifunza kuchomelea VETA, kusoma mchoro nimejifunzia kazini, kuchora chombo sijafundishwa popote. Nikaanza na boksi la katoni, kipimo 1 kwa 20, nikalielea kwenye beseni. Boksi tupu la pande nne linaburuta maji kama ng'ombe anayekataa kwenda mnadani. Nikainua omo, yaani mbele ya boti, kwa mkato wa nyuzi 30 hivi, mambo yakatulia.

Hesabu inayofaa kubandikwa ukutani: chuma cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 31.4 kwa kila mita ya mraba. Eneo la chombo pale kinapokata maji ni kama mita za mraba 25, na ziwa letu ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lita moja kilo moja. Kwa hiyo kila kilo 250 unazoongeza, boti inazama sentimita 1. Uzito niliokadiria ni tani 3.1.

Upumbavu wangu wa kwanza uko hapa, ila sikuuona hadi Januari: ndani nilichora viambaza, yaani kuta za ndani, viwili vya kukata boti kutoka kushoto kwenda kulia, na cha kati, kutoka omo hadi shetri (nyuma), sikukichora. Nilitaka kubana pleti tatu.

3 Agosti 2024: Pleti za "nne" zisizo nne

Viwanda vyetu vinatoa nondo na engo, lakini pleti bapa zinaletwa kutoka nje. Chuma cha Liganga bado kipo mlimani tunakisikia kwenye hotuba. Basi unakwenda dukani, unaambiwa bei ya siku, unalipa.

Nimenunua pleti 30 za futi 4 kwa 8, kila moja 265,000. Zilipofika, kijana mmoja akaniambia, "Fundi, hizi mbona nyepesi?" Nikamcheka. Kisha tukazipima. Pleti kamili ya milimita 4 kwa ukubwa huo inatakiwa kuwa na kilo 93.5. Kwenye mzani wa dengu wa jirani, ya kwanza ilisoma kilo 84. Gawanya mwenyewe: ni milimita 3.6. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, ikasema hivyo hivyo. Kati ya 30, pleti 11 zilikuwa hivyo, na 19 zilikuwa sawa.

Muuzaji hakukataa, ila alisema ndivyo zinavyokuja na kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa mimi. Hakurudisha hela. Akanipunguzia usafiri wa shehena nyingine ambayo sikuwa nimepanga kununua.

Tulivyofanya: pleti nzito zote zikaenda sakafuni, yaani mvunguni, na sehemu ya chini ya mbavu. Nyepesi zikawekwa alama ya chaki nyekundu, zikangoja sitaha. Ukinunua, nenda na kalipa na mzani. Pima ukingo wa pleti mahali pasipokatwa na shea, mashine ya kukatia pleti, maana palipokatwa pamebonyea na panadanganya.

21 Septemba 2024: Sakafu imekuwa chapati

Tunajenga boti ikiwa kifudifudi. Mataruma, yaani mifupa ya boti, ya engo ya milimita 50 kwa 50 yanasimamishwa kwanza juu ya jukwaa, kila sentimita 50, kisha pleti za sakafu zinalazwa juu. Faida yake ni kwamba mshono mkubwa wote unachomelewa ukiwa umesimama, moto ukitazama chini. Anayelala chali kuchomelea chini ya chombo anaungua kifua na bado mshono ni mbovu.

Kupima usawa wa jukwaa tulitumia mpira mrefu wenye maji, ule wa mafundi ujenzi. Hauna hitilafu na unauzwa kwa bei ya soda mbili.

Halafu nikaharibu. Siku mbili mfululizo nilichomelea mshono wa kati kutoka mwanzo hadi mwisho, mita 9, bila kupumzika, kwa furaha ya kuona kazi inakwenda. Asubuhi ya tatu nikanyoosha uzi kutoka kona hadi kona. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati milimita 28. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinavuta, na ukikivuta upande mmoja muda wote kinakunja uso.

Tulijaribu kukigonga na nyundo ya kilo 7. Kelele tupu. Tukajaribu kukipasha kwa gesi na kukimwagia maji, kikatulia milimita 6 halafu kikaanza kuvimba mahali pengine. Mwisho tukakata mshono wote kwa grainda, diski 14, tukaanza upya. Utaratibu uliofaa ni huu: shikiza kwanza sakafu yote kwa vidonda vidogo kila sentimita 15. Anzia katikati ya boti kwenda nje. Choma sentimita 10, ruka, nenda upande wa pili, choma 10, na kila kipande ukichome kwa kurudi nyuma, kuelekea pale ulipotoka. Watu wawili wachome kwa pamoja, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kwenye mataruma hakuna haja ya mshono mzima: choma sentimita 5, ruka 10, na upande wa pili wa taruma anzia pale ulipoacha wazi.

Mara ya pili mwinuko ulikuwa milimita 7. Sijafurahi, ila nimekubali. Siku tisa zimepotea.

19 Oktoba 2024: Vijiti na mvua

Nilinunua vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 kwa ajili ya mishono ya sakafu kwa sababu ndivyo nilivyoona vikitumika kwenye meli kubwa. Vile vina ngozi inayonyonya unyevu kama mkate. Mvua za vuli zilipoanza, boksi lililofunguliwa likakaa stoo wiki moja, na mshono ukatoka una matundu kama sifongo. Kwa nje unang'aa. Ukiukata kwa grainda unaona vijitundu vimejipanga.

Vijiti hivi vinatakiwa kuokwa upya kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi kwa saa moja au mbili, kisha vitunzwe kwenye joto hadi dakika ya kutumika. Karakana kubwa zina oveni maalumu. Sisi tulitengeneza tanuri la pipa na mkaa, tukaazima kipimajoto cha tanuri, na friji mbovu tukaiwekea taa ya wati 100 ndani iwe kabati la kutunzia. Friji imefanya kazi vizuri ajabu. Pipa halikutabirika. Joto lilipanda hadi 420 tukachoma ngozi ya boksi zima.

Nikakaa nikajiuliza: kwa pleti ya milimita 4 ya chuma cha kawaida, nani alinituma? Aina ya kawaida, 6013 ya milimita 2.5 na 3.2, inatosha, haina deko, na kila fundi Mwanza anaijua mkononi. Nilitaka kuonekana mtaalamu. Tumebaki na 6013 kila mahali, 7018 tumeziacha kwa ajili ya mguu wa winchi tu, zile zilizokaa kwenye friji.

30 Novemba 2024: Kugeuza, na chokaa

Kugeuza tani 2 za chuma chali kwa watu sita: nguzo tatu za mkaratusi, cheni bloku ya tani 3, matairi chakavu 16 upande wa kuangukia. Saa nne asubuhi hadi saa saba. Hakuna aliyeumia. Ikaanguka sentimita 30 za mwisho kwa mshindo uliowatoa watu msikitini.

Kipimo cha kuvuja kiko hivi, na hakihitaji mashine. Koroga chokaa na maji, paka mshono kwa nje, uache ukauke uwe mweupe. Kwa ndani paka mafuta ya taa kwa brashi. Ngoja nusu saa. Mafuta ya taa yanapenya mahali ambapo maji yangechukua siku nzima, na kwenye chokaa yanaacha doa la kijivu. Zungushia penseli, kata, choma upya, rudia.

Mara ya kwanza tulipata madoa 17. Kati ya hayo, 12 yalikuwa kwenye ile mishono ya wiki ya mvua. Mara ya pili 3. Mara ya tatu hakuna, na bado nilirudia ya nne kwa sababu sikuamini.

Mzee mmoja anayechonga mitumbwi hapa mwaloni, ambaye sote tunamwita babu, alikuja akatazama chokaa kwa muda mrefu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema sisi tunatafuta tundu kabla ya maji, wao maji ndiyo huwaonyesha. Nikamwambia kwenye mbao maji yanavimbisha ubao na kuziba. Chuma hakivimbi, babu. Akasema, "Basi mna kazi."

11 Januari 2025: Kiambaza nilichokibana

Hii ndiyo sehemu ningependa isomwe polepole.

Kabla ya kufunika sitaha nilimpigia simu mwalimu mmoja wa mambo ya meli, niliyewahi kukutana naye alipokuja Mwanza kutoka Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Nikamtajia vipimo. Akaniuliza swali moja tu: "Maji yakiingia ndani, yatakimbilia wapi?"

Nikamwambia yatakaa ngamani, chini kabisa ya boti, tutayafua. Akasema hapana, chombo kikiinama kidogo, yote yatakimbilia upande ule ule ulioinama.

Akanieleza hivi. Boti pana na bapa ina nguvu kubwa ya kujirudisha ikilazwa, kwa sababu upana wake ndio unaoisimamisha. Kwa boti yangu ikiwa nyepesi, upana huo pekee unatoa kama mita 4.7 katika kile kipimo cha uthabiti wanachokiita GM. Ni nyingi sana. Lakini maji yakitandaa sakafu nzima, upana wa uso wa maji ya ndani ni ule ule wa boti yenyewe, mita 3. Uso ule wa ndani unakula uthabiti kwa kiasi kile kile ambacho uso wa nje unautoa. Si lazima yawe mengi. Yawe ya kufunika kifundo cha mguu, ila yawe huru kukimbia. Mita 4.7 zote zinakwenda, na kwa kuwa uzito wa boti uko juu ya pale maji yanapoibeba, unabaki na namba chini ya sifuri. Unakuwa na meza inayopinduka kwa wimbi la kawaida.

Ukiweka kiambaza kimoja katikati, kutoka omo hadi shetri, maji ya kila upande yana mita 1.5 tu ya kukimbilia. Hasara haipungui nusu, inapungua hadi robo: mita 1.2 badala ya 4.7. Pleti tatu.

Mama zetu wanajua hili. Mtu akibeba ndoo kichwani kutoka kisimani anaweka matawi juu ya maji. Yale majani yanayanyima maji nafasi ya kukimbia.

Nililala vibaya usiku huo. Huku kwetu hakuna asiyekumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996, wala MV Nyerere kule Ukara, 20 Septemba 2018, kivuko chenye uwezo wa abiria 101 kilichoondoka na roho za watu zaidi ya 220. Boti yangu haibebi abiria. Itabeba vijana wanne na magunia, na hao wanne ni wa watu.

Asubuhi nikawaita wateja nikawaeleza wazi kwamba nilikosea kuchora. Walinyamaza, wakanong'onezana Kisukuma, kisha mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye maneno machache, akasema wataongeza milioni moja na iliyobaki nibebe mwenyewe. Sikuwa na la kujibu. Nikasema wabeja, asante.

Tumenunua pleti 4, safari hii kwa mzani. Sasa chini ya sitaha kuna vyumba sita, kila kimoja na mfuniko wake na tundu la pampu ya mkono. Hatukutoboa njia ya maji kati ya kushoto na kulia. Kijana mmoja alitaka kutoboa ili pampu moja itoshe. Nikamwambia akatoboe beseni la mama yake.

8 Februari 2025: Rangi imebanduka, anodi si zenyewe

Pleti mpya zina magamba meusi ya kiwandani, laini, mazuri machoni. Ukipaka rangi juu yake, inashika magamba na si chuma, na magamba yakiachia yanaondoka na rangi. Nilijua. Nikapaka hata hivyo kwenye mbavu kwa sababu sina mashine ya kupulizia mchanga na grainda ilikuwa imechoka. Baada ya wiki mbili ukucha ulitosha kubandua. Hasara: 310,000 za rangi ya epoksi, na siku sita.

Dawa ya maskini: pleti zikifika zilaze nje zinyeshewe mwezi mmoja au miwili. Kutu inainua magamba yenyewe, kisha brashi ya waya inamaliza. Ningefanya hivyo Agosti, ningeokoa yote. Zilikuwa ndani, nimezifunika turubai, nikijiona mtunzaji.

Jingine. Nilimwagiza mtu Dar aniletee anodi za zinki, zile zinazofungwa chini ya chombo ili zilike badala ya chuma. Zikaja nne, 95,000. Ndipo nikasoma vizuri: zinki ni ya baharini. Maji ya ziwa hayana chumvi, hayapitishi umeme vizuri, na zinki humo inajifunika ngozi ngumu inalala usingizi. Maji baridi yanataka metali nyingine, magnesi (magnesium). Dukani hapa hakuna anodi za magnesi za boti. Lakini kuna hita za maji ya kuoga, na ndani ya hita kuna fimbo ya magnesi inayofanya kazi hiyo hiyo. Nimenunua fimbo 6 kwa 180,000 kutoka kwa fundi bomba, nikazifunga kwa vibao vya chuma pande mbili. Kumbuka usizipake rangi. Kijana alikwishapaka mbili.

8 Machi 2025: Kushua, mara ya kwanza

Haikushuka.

Mteremko niliupima Juni mwaka jana, wakati ziwa limejaa kuliko kawaida. Mwaka 2024 maji yalipanda hadi yakaingia kwenye vibanda vya samaki. Tangu hapo yamerudi kama sentimita 60. Kwa mteremko wangu wa 1 kwa 12, sentimita 60 za kimo ni mita 7 za ufuko. Mita saba za matope ambazo hazikuwa kwenye karatasi yangu.

Tuliiviringisha juu ya magogo ya mkaratusi, watu 30, nyimbo, vumbi. Ikafika mwisho wa mchanga, magogo yakazama kwenye tope, boti ikakaa: shetri majini, omo nchi kavu. Magugu nayo yalikuwa yameziba ghuba, miezi ile ile yaliyosumbua vivuko vya Kigongo na Busisi. Watoto wakaigeuza kuwa daraja la kuvulia. Babu akapita, akasema, "Ziwa liko mahali pake. Wewe ndiye uliyelipima siku ya sikukuu."

180,000 za vibarua na soda, bure.

Kila tunaposema uwezo wa nchi wa kujenga meli, tunataja meli. Mimi nimeanza kutazama ufuko. Mkataba wa meli kubwa ya Mwanza ulikuja pamoja na mkataba wa kujenga chelezo, mahali pa kupandishia na kushushia meli, na nadhani chelezo ndicho kitakachobaki na faida ndefu zaidi, kwa sababu kila chombo cha chuma lazima kipande nchi kavu kikaguliwe na kurudi. Wenye karakana za muda mrefu hapa Mwanza, kama Songoro Marine waliojenga vivuko vya Serikali, wana mteremko wao. Sisi wadogo tuna tope la kila mtu.

15 Machi 2025: Kushua, mara ya pili

Mbao nne za inchi 2 kwa 8 zimefungwa mbili mbili kuwa reli, zimelazwa juu ya mabanzi ili zisizame. Juu yake sabuni ya mche iliyosagwa na kuchanganywa na grisi. Mbele, ndani ya ziwa, nanga ya mawe kwenye kina cha mita 3, na cheni bloku ikivuta kutoka kwenye mtumbwi uliofungwa nanga hiyo. Watu 8, si 30. Dakika 40.

Ilipoachia ardhi ilielea imenyooka. Nilikuwa nimeshika kamba, mikono ikitetemeka, sikupiga hata picha.

5 Aprili 2025: Jaribio la mwegamo, na ukaguzi

Kabla ya kumwita mkaguzi wa TASAC, shirika la Serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, tulifanya wenyewe jaribio la kupima GM, ule uthabiti, ziwa likiwa kama kioo saa kumi na mbili asubuhi. Timazi ya mita 1.5 imening'inizwa kwenye mguu wa winchi, risasi yake imezamishwa kwenye ndoo ya oili chafu ili isichezecheze. Magunia 10 ya kilo 20 yamepangwa upande mmoja, kisha yamehamishwa mita 2 kwenda upande wa pili. Timazi ikahama milimita 36.

Hesabu: kilo 200 mara mita 2 ni 400. Uzito wa boti na watu na magunia ni kilo 4,000. Milimita 36 kwa 1,500 ni 0.024. Gawanya 400 kwa (4,000 mara 0.024) unapata karibu mita 4.2. Ndiyo GM. Rudia mara nne, kushoto na kulia. Zetu zilitofautiana milimita 2.

Boti tupu imezama sentimita 14.5, maana yake tani 3.6, nusu tani zaidi ya nilivyokadiria. Kiambaza, winchi na mishono minene ya kijana asiyejua kuacha. Ikiwa na tani 4 za chakula itazama kama sentimita 30 na kubakiza karibu 60 juu ya maji. Inatosha.

Mkaguzi alikuja, akaingia kila chumba na tochi, akauliza michoro. Nilikuwa nayo, lakini ya kiambaza nilikuwa nimeichora juu ya ile ya zamani kwa kalamu nyekundu. Akanirudisha nikachore upya kwa usafi, niongeze maboya na kizima moto, niandike alama ya mwisho wa kupakia ubavuni. Wiki mbili. Ana haki. Ukianza kazi kama hii, mwone mkaguzi kabla ya pleti ya kwanza, si baada ya rangi ya mwisho.

10 Mei 2025: Hesabu

Pleti 34: 9,010,000. Engo 26 kwa 62,000: 1,612,000. Vijiti: 860,000. Diski na gesi: 540,000. Rangi pamoja na ile iliyobanduka: 1,740,000. Anodi za zinki zilizo kabatini na magnesi zilizo majini: 275,000. Winchi, mabomba na reli za kushikia: 1,150,000. Umeme na dizeli: 690,000. Kugeuza na kushua mara mbili: 520,000. Mafundi: 6,900,000. Usafiri, ukaguzi na karatasi: 610,000. Jumla 23,907,000. Nimelipwa 22,500,000. Hasara yangu ni 1,407,000, bila kuhesabu mimi mwenyewe niliyekula kwa mke wangu miezi kumi na moja.

Boti inafanya kazi tangu katikati ya Aprili. Wiki iliyopita ilibeba magunia 200 mara mbili kwa siku. Winchi inanyanyua nyavu, ila ikinyanyua upande wa kulia kijana wa kushoto anakimbilia kulia kutazama. Tumemwekea alama ya rangi ya pa kusimama.

Kikundi cha pili kimeuliza bei. Januari 2024 Serikali iligawa vizimba na boti za mkopo nafuu hapa Mwanza, zile boti ni za faiba, nzuri kwa uvuvi, lakini wenye vizimba vingi wanataka sitaha ya kusimama na kunyanyulia. Nimewaambia 25,500,000 na miezi sita. Vigezo vya mataruma nimevikata kwenye plaiwudi nimevitundika ukutani, pleti zitalala nje Juni yote, na mteremko nitaupima Oktoba maji yakiwa chini.

Jana niliivuta ufukoni nikaitazama mvunguni kwa kioo. Fimbo za magnesi zimeanza kulika vizuri, isipokuwa zile mbili zilizopakwa rangi, ambazo nilidhani nimezikwangua zote. Karibu nazo kuna mstari wa kutu wa urefu wa kidole. Jumatatu naenda na brashi ya waya.